Seva Inapozimika Mbali na Fundi: Ujuzi wa Msimamizi Chipukizi wa Mifumo ya Kompyuta

Tambarare ya Basotu, iliyoko kaskazini-magharibi ya Mlima Hanang katika Mkoa wa Manyara, inajulikana nchini kwa ziwa lake dogo na kwa ngano. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO), likisaidiwa na Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano hapa na katika maeneo jirani, hata yakafikia saba, kila moja likiwa na takriban ekari 10,000. Mashamba hayo hayakukosa gharama: wafugaji wa Kibarabaig walipoteza malisho, na mashauri ya ardhi yakafika mahakamani katika miaka ya 1980. Msaada wa Kanada ulimalizika mwaka 1993.

Kilimo cha namna hiyo kilikuwa na sharti moja ambalo kila aliyefanya kazi katika karakana alilielewa. Mashine ya kuvunia ikikwama katikati ya msimu, ngano iliyokauka haingoji fundi asafiri kutoka mjini. Fundi hana budi kuwapo papo hapo, awe ameishika mashine hiyo mara nyingi kabla ya siku ya dharura, na awe na vipuri mkononi.

Leo sharti hilo hilo linaihusu mashine ya aina nyingine. Katika wilaya za Hanang na Mbulu, kama kwingineko nchini, kazi nyingi zilizokuwa zikifanywa kwa daftari na kalamu sasa hupitia katika kompyuta. Vituo vya afya vya Serikali huandikisha wagonjwa na dawa katika mifumo kama GoT-HoMIS. Takwimu za afya za wilaya zote za Tanzania Bara hupelekwa Wizarani kwa mfumo wa DHIS2. Halmashauri hukusanya mapato kwa mashine za mkononi. Shule hutunza alama za wanafunzi katika kompyuta. Vyombo hivi vinapofanya kazi, hakuna anayevikumbuka. Vinaposimama, foleni ya wagonjwa husimama pamoja navyo.

Mtu mwenye wajibu wa kuhakikisha kwamba havisimami, na kwamba vikisimama vinarudi upesi, huitwa msimamizi wa mifumo ya kompyuta. Makala haya yanaeleza jinsi kijana anayeanza kazi hiyo mbali na miji mikubwa anavyoweza kujijengea ustadi wa kweli kwa vifaa vichache.

Fundisho la mwaka 1974

Tanzania ilikwisha kujifunza, kwa gharama kubwa, kwamba kununua kompyuta ni jambo moja na kuiendesha ni jambo jingine. Kompyuta ya kwanza ya Serikali, aina ya ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kufikia mwaka 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Jaribio la kuhamishia hesabu za Serikali katika kompyuta lilishindikana, hasara ikawa kubwa, na kazi ikarudishwa kwa njia ya zamani ya mikono. Wataalamu wengi waliokuwa wakiiendesha mitambo hiyo walikuwa wageni, na wazalendo wenye ujuzi huo walikuwa wachache mno. Mwaka huo wa 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, na marufuku hayo yalilegezwa polepole katika miaka iliyofuata.

Si nia ya makala haya kuhukumu uamuzi ule. Lakini fundisho lake lingali hai. Mashine isiyo na mtu wa kuisimamia ni mzigo, na mtu huyo hapatikani kwa kununuliwa pamoja na mashine. Hapana budi aandaliwe, na maandalizi yake huchukua muda mrefu kuliko usafirishaji wa sanduku kutoka bandarini.

Kazi yenyewe

Watu wengi hudhani kwamba msimamizi wa mifumo ni mtengenezaji wa kompyuta zilizoharibika, au mwandishi wa programu. Kazi yake hugusa yote mawili, lakini ina mpaka wake. Yeye husimamia hasa seva, yaani kompyuta inayotoa huduma kwa kompyuta nyingine zilizounganishwa nayo. Huamua nani aingie katika mfumo na afike wapi. Huhakikisha kwamba mtandao unapitisha habari, kwamba diski ina nafasi, kwamba programu zimepata marekebisho ya usalama, na kwamba nakala za akiba zipo na zinafaa. Huchunguza kumbukumbu za matukio ambazo mashine hujiandikia yenyewe, kama daktari anavyosoma cheti cha mgonjwa.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo haionekani. Mlinzi mzuri wa ghala husifiwa kwa usiku ambao hakuna kilichotokea, na msimamizi wa mifumo naye ni vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo ni vigumu kuujifunza ufundi huu kwa kuutazama kwa mbali. Anayetaka kuujua hana budi kuwa na mashine ya kwake ya kuchezea, hata ikiwa mbovu.

Mashine inayoruhusiwa kuharibika

Jambo la kwanza kwa chipukizi ni kupata kompyuta ambayo hakuna mtu mwingine anayeitegemea. Kompyuta ya mezani iliyostaafishwa ofisini inatosha kabisa. Inafaa pia kompyuta ndogo ya ubao mmoja kama Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012 nchini Uingereza kwa madhumuni ya kufundishia, ambayo hutumia umeme mdogo sana. Mwenye kompyuta moja yenye nguvu kiasi anaweza kuitumia kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kubuni zinazoishi ndani ya kompyuta halisi. Mashine pepe ina faida kubwa kwa mwanafunzi: anaweza kuihifadhi hali yake ilivyo sasa, akaiharibu kwa makusudi, kisha akairudisha ilivyokuwa kwa dakika chache.

Kuhusu mfumo endeshi, yaani programu kuu inayotawala mashine nzima, chaguo la kawaida la mwanafunzi ni Linux. Asili yake ni Unix, mfumo ulioanza kutungwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell nchini Marekani. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Kifini, Linus Torvalds, alitangaza kiini cha Linux, nacho kikaendelezwa na watu wa nchi nyingi. Hugawiwa bila malipo, na kila mtu ana haki ya kukichunguza na kukibadili. Toleo moja linalotumika sana, Ubuntu, lilitolewa mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini; jina lake ni neno la lugha za Kibantu za kusini, nalo ni ndugu wa neno letu “utu”. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa lugha ya Kiswahili, kupitia mradi wa Kilinux.

Kwa mtu aliye Basotu, ambako intaneti aghalabu hupatikana kwa simu na kulipiwa kwa kipimo, Linux ina sifa nyingine. Ikisha kupakuliwa mara moja mjini na kuwekwa katika flashi, inaweza kufungwa katika kompyuta nyingi bila kuunganishwa tena. Aidha, maelezo ya amri zake nyingi yamo ndani ya mashine yenyewe: mwanafunzi anayeandika amri ya “man” ikifuatiwa na jina la amri nyingine hupata ukurasa mzima wa maelezo, hata kama mtandao umekatika.

Ngazi za mazoezi

Ujuzi huu hupandwa kama ngazi, na ni vema kila kidato kikanyagwe mara nyingi kabla ya kuhamia kinachofuata.

Kidato cha kwanza ni kuufunga mfumo endeshi katika mashine tupu. Mara ya kwanza kazi hiyo inaweza kuchukua siku nzima. Mwanafunzi akiirudia mara tano, na kila mara akiandika alichofanya, atajua kila swali ambalo mashine inauliza na sababu yake.

Kidato cha pili ni watumiaji na ruhusa. Katika Linux kila faili lina mwenyewe na lina kundi lake, na ruhusa za kila upande hupewa thamani: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1. Thamani hizo hujumlishwa. Hivyo faili lenye ruhusa 640 linaweza kusomwa na kuandikwa na mwenyewe (4 + 2), kusomwa tu na kundi lake (4), na wengine wote hawaligusi (0). Zoezi zuri ni kubuni zahanati yenye daktari, mhasibu na karani, kisha kupanga ruhusa ili mhasibu aone malipo bila kuona maradhi ya mtu. Hapo hesabu ndogo ya tarakimu tatu huwa suala la heshima ya mgonjwa.

Kidato cha tatu ni mtandao. Mashine mbili na kebo moja zinatosha. Mwanafunzi huipa moja anwani 192.168.1.10 na nyingine 192.168.1.11, kisha hutumia amri ya “ping” kuona kama zinasikiana. Halafu huiendesha mashine ya pili akiwa ameketi mbele ya ya kwanza, kwa njia ya “ssh”, ambayo huyafumba mazungumzo ili asiwepo wa kuyasoma njiani.

Kidato cha nne ni kutoa huduma: kuweka ghala la mafaili linalotumiwa na kompyuta kadhaa, au tovuti ndogo inayosomeka ndani ya jengo bila intaneti. Shule inaweza kufaidika papo hapo, kwa kuweka vitabu na mitihani ya zamani katika seva moja inayofikiwa na maabara nzima.

Kidato cha tano ndicho kinachomtenganisha fundi na msomaji, nacho ni kuharibu kwa makusudi. Mwenzake abadilishe anwani moja kimyakimya, au azime huduma fulani, au aijaze diski mpaka pasibaki nafasi. Kosa hili la mwisho hutokea mara nyingi katika seva za kweli. Kumbukumbu za matukio huongezeka siku hadi siku bila mtu kuzipunguza. Siku moja diski hujaa, hifadhidata hushindwa kuandika rekodi mpya, na mtumiaji huona tu kwamba mfumo “umekataa”. Aliyekwisha kukutana na hali hiyo katika mashine ya mazoezi ataandika amri ya “df -h” na kuugundua ugonjwa kwa sekunde chache. Ambaye hajakutana nayo anaweza kufunga upya mfumo mzima bila sababu.

Kutafuta chanzo cha hitilafu

Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilidhoofika sana Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika Mashariki. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Kwa mtumiaji wa kawaida dalili ilikuwa moja tu: ukurasa haufunguki. Lakini dalili hiyo hiyo huonekana kebo inapochomoka nyuma ya meza.

Msimamizi mwenye mazoezi hatangi ovyo kati ya mawazo hayo mawili. Hutoka karibu na kwenda mbali, hatua kwa hatua. Kwanza huiuliza mashine yenyewe kwa anwani 127.0.0.1, ambayo kwa kila kompyuta humaanisha “mimi mwenyewe”. Ikijibu, huiuliza ruta iliyo katika jengo. Ikijibu, huuliza anwani iliyo nje, mathalani 8.8.8.8. Ikijibu hiyo, huuliza kwa jina badala ya tarakimu, maana inawezekana njia ni nzima lakini daftari la majina la mtandao ndilo lililokwama. Pale jibu linapokosekana kwa mara ya kwanza ndipo penye hitilafu, au ndipo pa kuanzia kuitafuta.

Njia hii haihitaji chombo chochote cha fedha nyingi. Huokoa pia heshima ya msimamizi, kwa kuwa humwezesha kumweleza mkuu wa kituo jambo la hakika: “Ndani ya jengo tuko salama, hitilafu iko kwa mtoa huduma, tuendelee kuandikisha wagonjwa katika seva yetu, na takwimu tutazipeleka njia ikifunguka.” Maneno hayo machache hutofautisha kituo kinachoendelea na kazi na kituo kinachofunga milango.

Nakala ya akiba na jaribio la kuirudisha

Hakuna sehemu ya kazi hii inayosahauliwa kwa urahisi kama nakala za akiba. Kila mtu hukubali kwamba ni muhimu, na wachache huzijaribu. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani kote, ilipatwa na msiba ambao yenyewe iliueleza hadharani. Mhandisi aliyekuwa akirekebisha hitilafu usiku alifuta hifadhidata katika seva kuu akidhani yuko katika seva ya pili. Walipozigeukia njia zao za akiba waliona kwamba nakala za kila siku zilikuwa hazitengenezwi, kwa kuwa programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na la hifadhidata, na barua za kuonya zilikuwa hazifiki. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa ajili ya shughuli nyingine takriban saa 6 kabla. Kazi ya saa hizo ilipotea.

Ikiwa hayo yaliwapata wataalamu, chipukizi wa Basotu asione haya kuwa na hofu. Kanuni inayofundishwa na wengi ni ya tarakimu tatu: nakala 3 za kila taarifa, katika vyombo vya aina 2, na 1 kati yake iwe mahali pengine kabisa. Sharti hili la mwisho si la kinadharia katika Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 mafuriko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliingia katika mji wa Katesh na vijiji vya karibu, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Mbele ya msiba wa namna hiyo kompyuta si kitu cha kwanza kulilia. Lakini waliookoka huhitaji matibabu, malipo na vyeti, na rekodi zao zikiwa zimehifadhiwa katika kabati la ofisi ile ile yenye seva, tope moja huzifukia zote.

Hesabu ndogo humsaidia msimamizi kuchagua njia. Chukulia kituo chenye taarifa za gigabaiti 20 na mtandao unaopitisha megabiti 2 kwa sekunde. Gigabaiti 20 ni takriban megabiti 160,000. Zikigawanywa kwa 2 ni sekunde 80,000, yaani zaidi ya saa 22 za kupeleka bila kukatika. Ni wazi kwamba nakala kamili haifai kupelekwa kila usiku kwa njia hiyo. Inafaa kupelekwa mabadiliko ya siku tu, ambayo huwa madogo, na nakala kamili isafiri katika diski iliyofungwa kwa neno la siri, labda mara moja kwa juma, pamoja na gari linalokwenda makao makuu ya wilaya.

Hata hivyo nakala isiyowahi kurudishwa bado ni tumaini tu. Mara moja kwa mwezi chipukizi aichukue nakala hiyo, aiweke katika mashine yake ya mazoezi, na aone kama mfumo unainuka na rekodi zinasomeka. Apime pia muda kwa saa ya ukutani. Ikiwa ni saa nne, basi kituo kijue kwamba katika dharura kitakaa saa nne bila mfumo, na karatasi za kujazia ziwe tayari.

Umeme na vumbi

Vitabu vingi vya fani hii huandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki. Msimamizi wa vijijini ana somo la ziada. Seva inayozimika ghafla inaweza kuacha rekodi nusu, na ikizimwa hivyo mara nyingi diski huharibika. Kwa hiyo betri ya akiba si anasa, na uwezo wake hauna budi kujulikana.

Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina nishati ya wati-saa 1,200. Betri za risasi na tindikali hazipendi kumalizwa, hivyo ni busara kutumia nusu tu, yaani wati-saa 600. Inveta nayo hupoteza sehemu. Tukichukua asilimia 15, zinabaki 510. Seva inayotumia wati 150 itadumu kwa takriban saa tatu na dakika 24. Kompyuta ndogo ya wati 10 itadumu zaidi ya siku nzima, hata kama inveta itapoteza zaidi ya hapo. Kwa kituo kidogo hesabu hiyo inaweza kuamua ni seva gani inunuliwe. Seva inaweza pia kuagizwa ijizime yenyewe kwa utaratibu betri inapokaribia kikomo, na zoezi la kuchomoa waya wa umeme kwa makusudi, mfumo ukiwa na taarifa za kubuni, litaonyesha kama agizo hilo linafuatwa.

Vumbi la kiangazi katika tambarare iliyolimwa huziba feni na kuipandisha mashine joto. Seva iinuliwe kutoka sakafuni, isiwekwe karibu na dirisha wazi, na isafishwe ikiwa imezimwa kwa tarehe zilizoandikwa ukutani.

Daftari, tahadhari na amana

Msimamizi mzuri hujulikana kwa daftari lake. Kila badiliko huandikwa: tarehe, saa, kilichofanywa, kwa nini, na jinsi ya kukirudisha kilivyokuwa. Daftari la karatasi lina faida moja kubwa, kwamba husomeka seva ikiwa imekufa. Siku msimamizi anapougua au kuhama, anayempokea huanzia pale alipoishia mwenzake.

Tahadhari ya pili ni kujaribu kabla ya kutekeleza. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kasoro kutoka kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta takriban milioni 8.5 za Windows duniani, na safari za ndege na huduma za hospitali zikavurugika katika nchi nyingi. Masasisho ni ya lazima, maana mashine isiyosasishwa huwa mlango wazi kwa wahalifu. Lakini msimamizi mwenye mashine ya mazoezi huyajaribu huko kwanza pale inapowezekana, kisha huyaweka katika seva halisi wakati ambapo wateja ni wachache.

Jambo la tatu ni amana. Msimamizi ana funguo za vyumba vyote. Anaweza kusoma majibu ya vipimo vya jirani yake na mshahara wa mwalimu wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazilinda taarifa hizo, na dhamiri yake inapaswa kuzilinda hata kabla ya sheria. Kwa sababu hiyo mazoezi yote yafanywe kwa majina ya kubuni. Kuchukua rekodi za wagonjwa halisi kwenda kujifunzia nyumbani ni kosa, hata kama nia ni njema.

Kutokuwa peke yake

Ufundi huu haukuzwi vizuri na mtu aliyejitenga. Katika Afrika, wasimamizi wa mitandao walianza mwaka 2000, huko Cape Town, kukutana katika mikutano na warsha za AfNOG, ambako wanafunzi huketi siku kadhaa mbele ya mashine halisi wakipanga seva na ruta wao wenyewe, wakisaidiwa na waliotangulia. Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji mwaka 2011. Wengi waliofunzwa katika warsha za namna hiyo hurudi mwaka unaofuata wakiwa walimu. Utaratibu huo waweza kuigwa hata na watu watatu: mwalimu wa maabara ya shule, mtunza takwimu wa kituo cha afya, na kijana aliyemaliza masomo ya ufundi, wakikutana Jumamosi moja kwa mwezi, kila mmoja akiwaletea wenzake mashine yenye hitilafu ya siri.

Waajiri nao wana wajibu. Fedha za kununua seva zitengewe pembeni sehemu ya kununulia diski ya akiba, betri na mashine ya mazoezi, pamoja na saa za kazi za kujifunzia. Bajeti inayoishia kwenye bei ya seva hurudia kosa la zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Cheti kina thamani yake, lakini kwa mkuu wa kituo anayetaka kujua kama msimamizi wake amekomaa kuna kipimo kilicho rahisi zaidi. Ampe diski tupu, nakala ya akiba ya juma lililopita na daftari, saa 2 usiku. Ikiwa saa 2 asubuhi, mgonjwa wa kwanza anapofika dirishani, karani anaweza kuliita jina lake kutoka katika mfumo uliorudishwa, basi kituo hicho kina msimamizi.